Lombardi na Mrusha Mpira Aliyetiliwa Shaka

Mwishoni mwa mwaka 1958, katika mji mdogo wa Green Bay, jimbo la Wisconsin kaskazini mwa Marekani, ubishi ulikuwa mmoja tu. Timu ya mji huo, Packers, ilikuwa imecheza mechi 12 za kandanda ya Kimarekani. Ilishindwa 10, ikatoka sare moja na kushinda moja. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1919 haikuwa imepata aibu ya namna hiyo. Kila palipokutana watu wawili walibishana: nani afukuzwe, nani abaki, na zaidi ya yote, nani apewe kazi ya kurusha mpira.

Leo nimekusudia kuandika juu ya mtu aliyeitwa kuja kuutatua ubishi huo, marehemu Vincent Thomas Lombardi, ambaye kombe kubwa kuliko yote ya mchezo huo mpaka sasa linaitwa kwa jina lake. Wengi waliomwandika humsifu kwa ukali wake na nidhamu yake. Sifa hizo ni zake na mimi simnyimi. Lakini nionavyo, kisa chake hasa ni jinsi alivyoishi na kijana mmoja ambaye mji mzima ulimtilia shaka, na ambaye yeye Lombardi mwenyewe alimtilia shaka kwa karibu miaka miwili.

Kwanza nimweleze msomaji ambaye hajauona mchezo huu. Mpira wake una umbo la yai, nao hubebwa mikononi. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Wakifaulu huanza kuhesabiwa upya, wakishindwa mpira huchukuliwa na wenzao. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho ni pointi 6, na teke la nyongeza huleta ya saba. Kuupiga teke ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3. Nyuma ya safu ya wenye mpira husimama mtu mmoja ambaye karibu kila jaribio huanzia mikononi mwake. Huyo huitwa kwotabeki. Yeye humpa mwenzake mpira akimbie nao, au huurusha mbali, na zamani hizo mara nyingi ndiye aliyechagua mbinu ya kutumia. Timu ikishinda, yeye ni shujaa. Ikishindwa lawama humwangukia, hata kama kosa ni la wenzake walioshindwa kumkinga. Ndiyo sababu mashabiki wa huko, timu ikifungwa, hulikimbilia jina la kwotabeki kama sisi tunavyolikimbilia la mlinda lango.

Na mashabiki wa Green Bay si mashabiki wa kawaida. Timu yao si mali ya tajiri yeyote. Tangu mwaka 1923 ni kampuni ya umma. Hisa zake ziliuzwa kwa watu wa mji, wauza maduka na wafanyakazi, nazo hazimletei mwenyewe faida hata senti moja. Mwaka 1956 walipiga kura kukubali mji wao ukope fedha za kujenga uwanja mpya, ambao ulifunguliwa mwaka 1957. Kwa hiyo walipobishana hawakuwa wakipiga domo tu juu ya mali ya watu. Walikuwa wenyewe. Chini ya mwanzilishi wake, Curly Lambeau, timu ilikuwa imetwaa ubingwa mara sita, mara ya mwisho mwaka 1944. Baada ya hapo iliporomoka. Mji wenyewe ulikuwa na watu kama 60,000, ilhali wapinzani walitoka New York, Chicago na Los Angeles. Wengi waliogopa kwamba timu ikiendelea hivyo itahamishwa au kufa kabisa.

Basi Januari 1959 halmashauri ya timu ikamwajiri Lombardi. Alikuwa na umri wa miaka 45, na hajawahi kuwa mkufunzi mkuu wa timu yoyote isipokuwa ya shule ya sekondari.

Alizaliwa tarehe 11 Juni, 1913, Brooklyn, New York, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yake, mhamiaji kutoka Italia, alifanya biashara ya nyama. Nyumba yao ilikuwa ya Kikatoliki cha dhati, na kijana Vince aliingia seminari akitaka kuwa padri. Aliondoka kabla ya kufika mwisho, lakini desturi ya kwenda misa kila siku hakuiacha. Mwaka 1933 alijiunga na Chuo Kikuu cha Fordham. Huko alicheza mstari wa mbele, katika kundi la watu saba waliosifika hata magazeti yakawafananisha na mawe ya matale. Hakuwa mkubwa wa mwili. Alisimama kwa ukaidi. Mkufunzi wake pale Fordham, Jim Crowley, alikuwa amekulia Green Bay na kufundishwa mpira huko na Lambeau mwenyewe. Dunia ni ndogo.

Kutoka mwaka 1939 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Cecilia, Englewood, New Jersey. Asubuhi alisomesha Kilatini, fizikia na kemia, jioni akafundisha mpira. Alikaa huko miaka minane. Mwalimu yeyote atakayesoma habari zake ataitambua alama ya ubao na chaki katika kila jambo alilofanya baadaye. Alirudia somo moja mpaka mwanafunzi mzito wa mwisho alishike.

Mwaka 1949 alikwenda chuo cha kijeshi cha West Point kuwa msaidizi wa Kanali Earl Blaik. Hapo ndipo alipoiona timu ikibomoka mbele ya macho yake. Mwaka 1951 ilifichuka kwamba wanafunzi wengi wa chuo walikuwa wakipeana majibu ya mitihani. Kama 90 hivi waliondoka, na wachezaji wengi wa mpira walikuwamo. Timu iliyokuwa ikiogopwa nchi nzima ilishinda mechi mbili tu msimu huo. Blaik hakujiuzulu. Alikusanya vijana waliobaki, wengi wao hata wenyewe hawakujidhania wachezaji, akaanza upya. Lombardi alikuwa kando yake siku zote hizo, na mimi nashawishika kwamba somo la Green Bay alilisomea hapo.

Mwaka 1954 aliingia timu ya New York Giants kuwa msaidizi wa upande wa kushambulia, na mwaka 1956 Giants wakawa mabingwa. Desemba 1958 walishindwa fainali na Baltimore Colts, 23 kwa 17, katika muda wa nyongeza. Aliyewaua siku hiyo alikuwa kwotabeki wa Colts, Johnny Unitas. Mwezi mmoja baadaye Lombardi alikuwa Green Bay.

Alidai kazi mbili, ukufunzi na umeneja mkuu, akapewa zote. Wajumbe wa halmashauri waliozoea kuingiza mikono katika mambo ya wachezaji waliambiwa wazi kwamba mwenye amri sasa ni mmoja. Kisha akajifungia akaanza kutazama filamu za mechi zilizopita.

Na hapa kuna jambo ambalo mashabiki waliokuwa wakipiga kelele hawakuliona. Timu ile iliyoshindwa mara 10 haikuwa tupu. Alikuwako mtafuta-vipaji wake, Jack Vainisi, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akizunguka vyuo vikuu na kuandika habari za vijana. Kila mwaka timu huchagua vijana kutoka vyuoni kwa zamu, na zile dhaifu hutangulia. Kwa kazi yake walikuwa wamekwisha kupatikana Forrest Gregg, Paul Hornung, Jim Taylor, Ray Nitschke na Jerry Kramer, majina ambayo baadaye yaliandikwa yote katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Vainisi alifariki Novemba 1960, akiwa na umri wa miaka 33 tu, hata kombe moja hajaliona. Kila ninaposoma sifa za Lombardi mimi humkumbuka huyo bwana.

Katika vijana hao alikuwamo pia Bart Starr. Alichaguliwa mwaka 1956, katika raundi ya 17, akiwa wa 200 kwenye orodha. Huko Chuo Kikuu cha Alabama aliumia mgongo, na mwaka wake wa mwisho aliwekwa benchi na timu ikashindwa mechi zote 10. Alikuwa mpole, mtaratibu wa kusema, mwenye adabu kupita kiasi. Watu wa Green Bay walimwona ni kijana mwema asiye na moto, na katika kandanda hakuna sifa mbaya kama hiyo.

Lombardi naye alimwona hivyo hivyo. Kabla ya msimu wa 1959 alimleta Lamar McHan kutoka Chicago Cardinals, akampa nafasi ya kwanza. Packers walishinda mechi tatu za mwanzo, mji ukashangilia, kisha wakapoteza tano mfululizo. Starr aliingizwa, na timu ikashinda nne za mwisho. Walimaliza na ushindi 7 dhidi ya 5. Tangu 1947 hawakuwa wamepata msimu wenye ushindi mwingi kuliko hasara.

Ungedhani hapo ubishi umekwisha. La hasha. Mwaka 1960 Starr alianza mechi ya kwanza, wakafungwa na Chicago Bears, 17 kwa 14, na mara moja McHan akarudishwa. Mwishoni mwa Oktoba, huko Pittsburgh, McHan alipokwama Starr aliingizwa tena katikati ya mchezo na wakashinda, 19 kwa 13. Kuanzia siku hiyo Lombardi hakumbadilisha tena kwa sababu ya shaka, na kabla ya msimu wa 1961 McHan alikuwa amekwisha ondoka Green Bay. Kumbe hata mkali yule, aliyeonekana kana kwamba hajui kusitasita, alikuwa ameyumba mwaka na nusu kama shabiki yeyote anayebishana kwa kinyozi.

Huko nyuma ya pazia kulitokea jambo lililonivutia kuliko mechi zote. Lombardi alikuwa na desturi ya kumkaripia mchezaji mbele ya wenzake, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. Starr alimwendea ofisini akamweleza kwa upole kwamba hatakataa kukosolewa, lakini mtu anayetakiwa kuongoza wenzake hawezi kuwaongoza ikiwa anaaibishwa mbele yao. Basi akikosea na aitwe faragha. Lombardi alikubali, na akalishika neno lake. Nadhani siku hiyo aliuona moto aliokuwa akiutafuta, ila haukuwa na moshi.

Tarehe 26 Desemba, 1960, walicheza fainali na Philadelphia Eagles, ugenini. Mapema katika mchezo Packers walifika karibu kabisa na mstari. Teke la pointi 3 lilikuwa rahisi. Lombardi alilikataa akataka zote 6, na wakakwama. Mwishoni Eagles walikuwa mbele, 17 kwa 13. Katika sekunde za mwisho Starr alimpa Taylor mpira wa karibu, Taylor akasonga mpaka yadi chache kabla ya mstari, ndipo Chuck Bednarik wa Eagles alipomkumbatia na kumlalia chini mpaka saa ikaisha. Tofauti ilikuwa pointi 4. Mhesabu yeyote aliweza kujumlisha pointi 3 zilizoachwa mwanzoni, na kuuliza mchezo ungekwendaje.

Baada ya hasara kama hiyo shabiki hutaka damu. Hutaka kwotabeki mwingine, mkufunzi mwingine, kila kitu kipya. Lombardi aliwaambia wachezaji wake kwamba hawatapoteza tena fainali wakiwa chini yake, kisha akarudi nao walewale. Alichokifanya upya ni mazoezi. Mbinu yake maarufu ilikuwa moja: mkimbiaji anapewa mpira, anazunguka ubavuni, na walinzi wawili wa mstari wa mbele wanatoka mahali pao kumfyekea njia. Kila mpinzani aliijua, na wengi hawakuweza kuizuia. John Madden, ambaye baadaye alikuwa mkufunzi mkubwa, alisimulia kwamba alimsikia Lombardi akifundisha mbinu hiyo peke yake kwa saa nane. Wasishangae wanaokumbuka kwamba alikuwa mwalimu wa Kilatini, na kwamba pale Fordham yeye mwenyewe alikuwa mlinzi wa aina hiyo.

Tarehe 31 Desemba, 1961, Giants wa New York walikuja Green Bay kucheza fainali. Walifungwa 37 kwa 0, na Starr alirusha mipira mitatu ya pointi 6. Mwaka 1962 wakawashinda Giants tena, kwao New York, 16 kwa 7. Kisha wakatwaa ubingwa wa 1965, 1966 na 1967, pamoja na Super Bowl mbili za kwanza, Januari 1967 na Januari 1968. Ubingwa mara tano katika misimu saba, na fainali hakupoteza tena.

Ningemdhulumu nisiposema habari ya rangi. Packers wa 1958 walikuwa na mchezaji mweusi mmoja tu. Lombardi, aliyekuwa akidharauliwa kwa Utaliano wake na kuamini kwamba ulimfungia milango mingi, aliwaleta Emlen Tunnell, Willie Davis, Willie Wood, Herb Adderley na wengine. Aliwajulisha wenye baa na mikahawa wa Green Bay kwamba pahala patakapomkataa mchezaji wake mweusi, hapatakanyagwa na mchezaji yeyote. Kusini mwa nchi, kulikokuwa na hoteli za ubaguzi, alikataa timu yake igawanywe. Hayo aliyafanya kabla ya sheria ya haki za raia ya 1964.

Hakuwa malaika. Aliwatia watu hofu, na nyumbani mkewe Marie na watoto wao wawili walimpata kwa mabaki ya muda. Msimu ulimla mwili. Ndio upande ambao wanaopenda kumtaja katika semina za mameneja huuruka.

Nifike tarehe 31 Desemba, 1967. Dallas Cowboys walikuja Green Bay kucheza fainali, na baridi ilikuwa nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri. Lombardi alikuwa amenunua nyaya za umeme za kupasha joto ardhi ya uwanja kwa dola 80,000, akizionea fahari sana. Siku hiyo zilishindwa, na nyasi zikawa kioo. Zikiwa zimebaki dakika tano kasoro, Packers walikuwa nyuma, 17 kwa 14. Starr aliwachukua wenzake yadi 68 juu ya barafu ile mpaka chini ya yadi moja kutoka mstari. Zilibaki sekunde 16 na ruhusa ya mwisho ya kusimamisha saa ilikuwa imekwisha kutumiwa.

Msomaji ataikumbuka Philadelphia. Teke la pointi 3 lingewapa sare na muda wa nyongeza. Wakijaribu kuvuka na kukwama, saa ingewaishia hapo hapo. Starr alikwenda kando ya uwanja akamwambia mkufunzi wake kwamba wakimbiaji wanateleza, na kwamba yeye anaweza kuubeba mpira mwenyewe. Lombardi hakubishana. Alimwachia. Starr alirudi akataja mbinu ambayo kwa kawaida mpira hupewa mkimbiaji Chuck Mercein, wala hakuwaambia wenzake kwamba atabaki nao. Jerry Kramer alimsukuma mpinzani aliyekuwa mbele yake, Starr akapenya nyuma yake akaanguka ng'ambo ya mstari. Ikawa 21 kwa 17.

Lombardi aliacha ukufunzi Februari 1968, akabaki meneja. Timu, chini ya msaidizi wake Phil Bengtson, ilianguka mwaka huohuo. Kutazama tu hakukumfaa. Mwaka 1969 alikwenda kuifundisha timu ya Washington, iliyokuwa haijapata msimu wenye ushindi mwingi kuliko hasara tangu 1955, akaipatia ushindi 7 dhidi ya 5, na sare 2. Hapo napo alianza kujenga. Lakini Juni 1970 alionekana ana saratani ya utumbo mpana. Aliaga dunia tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, mwenye umri wa miaka 57, na misa yake ya wafu ilisomwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York.

Green Bay walirudi kwenye ubishi wao wa zamani. Oktoba 1974 mkufunzi wa wakati huo, Dan Devine, akiandamwa na kelele za watu, alimleta kwotabeki John Hadl, mwenye umri wa miaka 34, kutoka Los Angeles. Kwa mtu huyo mmoja alitoa zamu tano za kuchagua vijana, mbili kati yake zikiwa za raundi ya kwanza. Hadl hakuokoa kitu, na Devine aliondoka msimu ulipokwisha. Aliyepewa timu hiyo iliyonyang'anywa vijana wake alikuwa Bart Starr. Aliiongoza kuanzia 1975, akashinda mechi 52 na kushindwa 76, na kila mwaka watu walimwuliza kuhusu kwotabeki wake. Alifukuzwa kazi Desemba 1983. Uwanja ulikuwa uleule wa barafu, na njia inayopita mbele yake ilikuwa imekwisha kuitwa Lombardi tangu 1968.